Kuuvalisha usukani wa gari ngozi mpya ukiwa nyumbani: mwongozo kamili

Gari lililotumika Japani likafika kwetu na miaka 12 au 15 linaweza kuwa na bodi safi na siti zisizo na doa, lakini usukani ukausema umri wake. Pale mikono inaposhika, ngozi imechubuka hadi rangi imeondoka. Na kama usukani si wa ngozi bali wa ile plastiki laini ya povu, unanata, hasa kwa sisi wa Dar, Tanga na Mombasa. Kunata huko si uchafu. Povu lile ni poliyurethani, nalo huvunjika polepole likikaa kwenye joto na unyevu wa pwani. Ukilisugua kwa spiriti litakauka siku chache, kisha linarudi palepale. Dawa yake ni kulifunika.

Makava yanayouzwa kwenye mataa, yale ya kuchomeka yenye mpira kwa ndani, siyashauri hata kidogo. Yanashikwa na mpira tu. Mpira ukishapigwa jua na kunywa jasho unalegea, na siku unakata kona ghafla kumkwepa bodaboda, kava linazunguka na mkono huku usukani umebaki nyuma. Ngozi iliyoshonwa haifanyi hivyo, mradi imekazwa. Na hapo ndipo kazi yote ilipo: ngozi lazima iwe ndogo kuliko usukani, ivutwe ndipo ifike. Kushona kwenyewe mtu yeyote mwenye subira anakumudu. Kinachotenganisha kazi ya miaka na kazi ya wiki mbili ni kipimo.

Usukani ubaki garini

Mafundi wengi huanza kwa kuutoa usukani. Ni kweli kushona kunakuwa rahisi ukiwa nao mapajani, lakini katikati yake kuna eabegi, ule mfuko wa hewa unaofumuka gari likigonga, na eabegi ni baruti iliyofungwa. Kwa kazi ya nyumbani, acha usukani mahali pake. Kila hatua ya mwongozo huu inayogusa usukani inawezekana ukiwa umekaa kwenye siti ya dereva, mlango wazi.

Kuna sababu nyingine ya kuwa na heshima na eabegi za magari yetu. Kampuni ya Takata ya Japani, iliyofilisika mwaka 2017, ilitengeneza eabegi zilizotumia amonia naitreti. Kemikali hiyo ikikaa miaka kwenye joto na unyevu huharibika, na eabegi ikifumuka inaweza kurusha vipande vya chuma ndani ya gari. Toyota, Honda, Nissan, Mazda na wengine waliita magari kwa mamilioni ili zibadilishwe, lakini magari mengi yaliyokwisha kuuzwa nje ya Japani hayakufuatwa na mtu. Chukua namba ya chesisi, ingia kwenye tovuti ya mtengenezaji wa gari lako, uangalie kama lilikuwa kwenye orodha. Fanya hivyo hata kama huna nia ya kugusa usukani.

Ikiwa kuna ulazima wa kuutoa, kwa mfano ngozi ya zamani imeingia chini ya plastiki za katikati na haitoki, mpe fundi wa umeme wa gari anayezijua eabegi, na wewe usimame pale. Umwone akichomoa teminali hasi ya betri na kusubiri. Toyota wenyewe huagiza angalau sekunde 90, na akisubiri dakika kumi hakuna hasara. Waya za eabegi ni za njano, na hazipimwi kwa mita. Eabegi ikishatoka hulazwa uso ukitazama juu, kamwe si chini. Matairi ya mbele yawe yamenyooka, na alama iwekwe kwenye shafti na kwenye usukani kabla nati haijafunguliwa, usukani usije ukarudi umepinda. Ule utepe wa umeme uliojikunja nyuma ya usukani, unaobeba honi na eabegi, usizungushwe ovyo usukani ukiwa nje, kwa sababu utakatika siku utakapokata kona kali. Fundi anayeruka hata moja kati ya haya, mshukuru na uondoke na gari lako.

Sukani nyingine ziachwe kama zilivyo. Gari jipya lenye usukani unaopashwa moto, au unaohisi kama mikono ipo, lina vihisi chini ya ngozi ambavyo tabaka la pili linaweza kuvivuruga. Na usukani wenye sehemu ya mbao, kama ule wa Harrier au Crown, hufunikwa sehemu ya ngozi tu, mbao hubaki.

Vitu vya kununua

Ngozi halisi iwe na unene wa milimita 1 hadi 1.2. Ngozi ya mkanda au ya kandambili ni nene mno, haivutiki, na itakunjamana upande wa ndani. Ya mbuzi iliyotengenezwa vizuri inafaa sana, ni nyembamba na ngumu kuchanika, ila ngozi ya mbuzi mmoja haifikii urefu wa usukani mzima, kwa hiyo utaunganisha vipande viwili. Nairobi soko la Kariokor limejaa watu wa ngozi. Dar waulize mafundi wa viatu na wa siti wa karibu nawe wananunua wapi, kwa sababu wao ndio wanaojua mzigo mzuri umeshuka kwa nani. Reksini, yaani ngozi ya bandia, inakubalika kama nyuma yake kuna kitambaa kinachovutika. Ivute kwa mikono miwili dukani palepale: isiponyooka hata kidogo, irudishe.

Uzi uwe wa nailoni au polyesta uliopakwa nta, unene wa milimita 0.8 hivi. Uzi wa pamba usiununue, jasho litauozesha. Sindano mbili butu, zikiwa za kupinda ni bora zaidi. Kisha tepu ya karatasi wanayotumia mafundi rangi, nailoni nyembamba ya kufungia chakula, tepu ya kupimia ya fundi cherehani, wembe, gundi ya viatu kopo dogo, msasa namba 120 na 240, na kipande cha plastiki ngumu kisicho na makali. Kadi ya benki iliyokwisha muda inatosha.

Kipimo

Usiruke sehemu hii.

Usukani una mizunguko miwili isiyolingana, na watu wengi hupima mmoja tu. Chukua usukani wenye kipenyo cha sentimita 37.5 na unene wa sentimita 3. Ukipitisha tepu kwa nje, utapata kama sentimita 118. Ukipitisha kwa ndani, pale mshono utakapokaa, utapata kama sentimita 99. Kwa hiyo ukikata ukanda wa sentimita 118 ukaufunga, kwa nje utakaa vizuri lakini kwa ndani kuna sentimita 19 za ngozi zisizo na pa kwenda. Hizo ndizo zinazogeuka mikunjo.

Suluhisho ni kukata ukanda mfupi kuliko mzunguko wa nje na kuulazimisha unyooke. Kwa ngozi halisi laini mimi hupunguza kama asilimia 5. Kwenye mfano wetu ukanda unakuwa sentimita 112: utavutwa sentimita 6 kwa nje, na kwa ndani zitabaki 13 za kumezwa na mshono. Kwa vitanzi vya milimita 5, yaani vile vijishono vya ukingoni ambavyo sindano itapita chini yake, upande mmoja wa ukanda una vitanzi 224, na kila kimoja kinapaswa kumeza zaidi kidogo ya nusu milimita. Hapo jicho halioni kitu. Weka vitanzi vya sentimita moja, na kila kimoja kitameza mara mbili yake, mikunjo itaonekana. Ndiyo maana mshono wa karibukaribu hukaa safi.

Upana nao una kanuni yake. Zungusha tepu kwenye unene wa usukani, ulipoanzia hadi ulipoanzia. Usukani wa unene wa sentimita 3 utatoa kama 9.4. Toa milimita 3 kwa ngozi halisi, milimita 2 kwa reksini, na huo ndio upana wa kukata. Kingo mbili hazitakutana zenyewe ukiuweka, na ndivyo inavyotakiwa. Kingo zikikutana bila kuvutwa, ukanda ni mpana.

Lakini sukani nyingi hazina unene mmoja. Mahali pa vidole gumba, saa nne na saa nane za mtu anayesoma saa kwa Kiswahili, huwa pamevimba. Pima kila baada ya sentimita 5 na uandike kipimo juu ya tepu ya karatasi uliyobandika kwenye usukani. Kama tofauti inazidi milimita 4, usikate ukanda ulionyooka, tengeneza patani, yaani kiolezo cha kukatia.

Patani hutengenezwa hivi. Funga usukani kwa nailoni ya chakula, halafu juu yake bandika tabaka mbili za tepu ya karatasi bila kuacha pengo. Chora mstari kwa upande wa ndani kabisa, pale mshono utakapopita, ukiupeleka taratibu bila kuyumba. Weka alama juu kabisa, chini kabisa, na mahali kila mkono wa usukani, kile kipande kinachotoka katikati, unapoungana na duara. Ongeza vijistari vya kukatisha kila sentimita 5. Pitisha wembe juu ya mstari kwa mkono mwepesi, bila kufika kwenye usukani, ubandue ganda zima na ulilaze mezani. Kingo zitasimama, kwa sababu zina lile ziada la ndani. Zikate vijimkato vidogo ili zilale. Chora umbo hilo kwenye karatasi ya manila, punguza milimita 1.5 kila upande, na urefu upunguze kama nilivyoeleza.

Kabla ya kugusa ngozi, kata patani hiyo kwenye kipande cha reksini cha bei ya chini au kitambaa cha jezi na uijaribu kwenye usukani. Saa moja ya jaribio inaokoa ngozi ya maelfu ya shilingi.

Ukikata ngozi yenyewe, ivute kwanza pande zote ujue inanyooka zaidi kuelekea wapi. Upande unaonyooka zaidi ulale kwenye urefu wa ukanda. Sehemu ya tumbo la ng'ombe, ile inayolegea, iache. Tumia ya mgongoni.

Kazi ya cherehani ni ya fundi

Hapa ninashauri utoke nyumbani kidogo. Mpelekee fundi wa siti au wa viatu mwenye cherehani nzito, akupigie mstari mmoja wa mshono kando ya kila ukingo, milimita 3 kutoka ukingoni, kila hatua milimita 5. Mstari huo haushoni kitu. Unatengeneza vitanzi, na sindano yako baadaye itapita chini ya vitanzi hivyo bila kutoboa ngozi. Ngozi inayotobolewa kwa mkono na kuvutwa sana huchanika kutoka tundu hadi tundu.

Mwambie fundi kabla hajaanza kwamba idadi ya vitanzi lazima ilingane pande zote mbili, kutoka alama hadi alama. Kama upande wa kushoto una vitanzi 112 kutoka alama ya juu hadi ya chini, upande wa kulia nao uwe na 112. Vikipishana, ngozi itajipinda polepole na utaliona hilo ukiwa umeshamaliza nusu. Hesabu mwenyewe kabla ya kumlipa.

Mwombe pia aunganishe ncha mbili za ukanda ziwe duara. Kwenye maungio ngozi ichongwe kwa nyuma hadi iwe nyembamba, ilazwe pande mbili, ibandikwe kwa gundi na kugongwagongwa ilale. Maungio hayo yatakaa chini kabisa, nyuma ya mkono wa chini kama usukani wako una mikono mitatu, ambako kiganja hakifiki.

Kuutayarisha usukani

Osha usukani kwa maji ya uvuguvugu na tone la sabuni ya vyombo, kwa kitambaa kilichokamuliwa, kisha pangusa kwa spiriti. Mafuta ya kung'arishia dashibodi yakibaki, gundi haitashika. Ngozi ya zamani kama imeshikamana vizuri, iache na uipige msasa 240. Imelegea au imevimba, iondoe yote. Povu linalonata lipige msasa 120 hadi ule unato uishe. Mashimo yajaze kwa gundi ya viatu iliyochanganywa na unga wa msasa, iache ikauke usiku mzima, ndipo uilainishe. Usiache hata kovu dogo, kwa sababu ngozi iliyovutwa huonyesha kila kilicho chini yake.

Kushona

Tenga siku nzima na uegeshe kivulini, mahali tambarare, hendibreki juu. Ngozi halisi ilowanishe kwa nyuma na sifongo yenye maji ya uvuguvugu hadi iwe laini bila kudondosha maji. Itanyooka kwa urahisi, na ikikauka itajibana yenyewe. Reksini haihitaji maji. Iweke juani robo saa au ipulizie hewa ya draya ya nywele. Draya usiielekeze katikati ya usukani, kwenye eabegi.

Vika duara la ngozi kuanzia juu, vuta kwenda chini kwa viganja viwili hadi liingie. Litaleta ubishi, na huo ni ubishi mzuri. Likiingia bila nguvu, kipimo kimekosewa na ni heri ukate upya sasa kuliko kushona kitu kitakachozunguka. Likiingia, linganisha alama ya juu, ya chini na za mikono.

Anza na kipande kirefu cha juu, kutoka mkono mmoja hadi mwingine. Kata uzi mara 5 ya urefu wa kipande hicho, na nyongeza ya nusu mita. Kwa usukani wa mfano wetu ni kama mita 3. Tunga sindano kila ncha ya uzi. Pitisha sindano moja chini ya kitanzi cha kwanza cha kushoto ukitokea ndani kwenda nje, nyingine chini ya kitanzi cha kwanza cha kulia vilevile, vuta hadi ncha zilingane. Sasa ncha ya kushoto ishuke katikati ya kingo mbili, iingie chini ya ngozi ya kulia na kutokea chini ya kitanzi cha pili cha kulia. Ncha ya kulia ifanye hivyohivyo kwenda kushoto. Rudia. Utaona nyuzi zinajipanga mfano wa V zinazofuatana, na kingo zinakutana katikati bila kupandana.

Mpangilio ni ule ule daima: ukianza na kushoto kutangulia, kushoto kutangulie hadi mwisho. Ukibadilisha katikati, V zitageuka na jicho litaenda hapo kila ukikaa kwenye gari.

Vuta kila hatua kwa nguvu ya wastani, kisha kila baada ya vitanzi vinne au vitano rudi nyuma, ingiza ncha ya sindano chini ya kila V na uikaze kwa mfuatano. Hapo ndipo kingo zinapofunga kabisa. Ukivuta kwa nguvu zote mara moja, uzi wa cherehani utakatika na kitanzi kitapotea. Vaa glovu nyembamba au funga plasta kwenye vidole vya shahada, maana nailoni hukata ngozi ya mtu pia.

Ukifika kwenye mkono wa pili, funga fundo mara mbili, uchomeke ncha chini ya ngozi kwa ile kadi ya plastiki, kata kilichobaki. Kisha washa gari, geuza usukani nusu mzunguko ili vipande vya chini vije juu, zima, uendelee. Kushona kwa kujikunja chini ya usukani kunachosha shingo, na shingo ikichoka mshono unaharibika.

Kwenye mikono, ngozi hukatwa ikatengeneza kidomo kifupi kinachoingia kwenye mwanya kati ya duara na plastiki ya mkono. Kata kidogo, jaribu, kata tena. Milimita moja ya ziada inarekebishika, iliyopungua hairudi. Paka gundi ya viatu nyuma ya kidomo na kwenye usukani, subiri dakika 10 hadi isinate kwa kidole, ndipo ukisukume ndani kwa kadi. Milango yote iwe wazi, mvuke wa gundi hiyo ni mkali. Na gundi iishie hapo tu. Wanaopaka usukani mzima hujinyima nafasi ya kuisogeza ngozi ikikaa upande, na gari likiegeshwa juani gundi yenyewe hulainika.

Baada ya mshono wa mwisho

Shika usukani kwa mikono miwili na ujaribu kuizungusha ngozi juu yake kwa nguvu zako zote. Isitikisike hata kidogo. Ikitembea, fungua kipande kinachotembea ukikaze upya. Usiendeshe nayo kwa matumaini kwamba itazoea. Kata usukani hadi mwisho kushoto na kulia, piga honi, washa indiketa na taa bila kuondoa kiganja mahali pake. Taa ya eabegi kwenye dashibodi iwake ukifungua swichi na kuzimika yenyewe.

Ngozi iliyolowanishwa iachwe siku nzima ikauke kivulini. Mikunjo midogo ya upande wa ndani mingi hupotea yenyewe ngozi ikijibana. Inayobaki, ipitishie draya kwa umbali wa kiganja huku ukiisugua kwa kijiko.

Kwa matunzo, kitambaa chenye unyevu kila wiki kinatosha, na mafuta ya ngozi kidogo sana mara chache kwa mwaka, yakifutwa hadi yakauke. Vitakasa mikono vyenye spiriti huikausha ngozi na kuipasua, kwa hiyo acha mkono ukauke kabla hujashika usukani. Na mafuta ya dashibodi yasiguse hapo tena, maana usukani unaoteleza ni hatari kuliko ule ulionata.